Chupa Tatu za Maji

Niseme mapema kwamba mimi sipendi milima. Nimeendesha lori miaka kumi na minane, nikitoa makontena bandari ya Port Botany, Sydney, na kuyapeleka maghalani, na kwangu mimi mlima ni kitu cha kupanda ukiwa umekaa, gia ndogo, redio inaimba. Aliyependa kutembea alikuwa mke wangu, naye hakuanza zamani. Alifanyiwa upasuaji wa nyongo, daktari akamwambia atembee, na yeye ukimwambia jambo mara moja hulitenda mara tatu. Akaanza kuzunguka mitaa ya kwetu Bankstown. Akahamia njia za majabalini kando ya bahari. Mwisho ikawa kila Jumapili ananiburuta hadi Katoomba, kupanda na kushuka ngazi za Milima ya Buluu mpaka magoti yangu yakawa yanaomba talaka.

Siku moja akanionyesha video kwenye simu. Watu wenye majaketi mekundu wanatembea kandokando ya ziwa lililoganda, huko Uttarakhand, kaskazini ya India.

"Maji ya chumvi nimeyaona tangu nazaliwa Tanga," akasema. "Nataka nione na yaliyoganda."

"Fungua friji," nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa na mpango kamili: siku sita za miguu milimani, mpaka ziwani na kurudi, kisha tushuke Kerala, kusini kabisa, tukakae wiki nzima ufukweni tule samaki wa nazi. Mimi nilikubali kwa ajili ya wiki ya pili. Wiki hiyo hatukuifikia. Mke wangu amezikwa kule, chini ya mlima, katika mji ambao hata leo jina lake nalitamka vibaya. Na kuna mtu mwingine aliyeharibikiwa kwa kifo chake, mtu asiye na kosa. Neno la kumtoa lilikuwa kinywani mwangu peke yangu, nami nikakaa nalo zaidi ya miezi minne.

Chanzo ni siku saba. Ramadhani iliyotangulia mke wangu alikuwa kitandani kwa ule upasuaji, akala siku saba bila kufunga, na ilimpasa azilipe kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Kila mwezi akasema mwezi ujao. Alikuwa akifanya kazi jikoni hospitalini, Liverpool ya huku huku Sydney, amesimama mchana kutwa mbele ya mvuke wa sufuria, na mtu hawezi kumlaumu. Alipokuja kushtuka, ilikuwa Shaabani, na Shaabani hiyo ilituangukia katikati ya kiangazi cha Sydney, jua linatua saa mbili usiku na lami inanata viatuni. Ndipo akafungua simu akaangalia nyakati za kule tunakokwenda. Akanijia sebuleni ameshika kiuno.

"Kule ni majira ya baridi. Magharibi inaingia kabla ya saa kumi na mbili," akasema. "Na baridi haina kiu."

Alifurahi kama mtu aliyegundua njia ya mkato. Nikamkumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula.

"Ruhusa si amri, bwana."

"Basi zilipe Kerala, umepumzika."

"Nikafunge ufukweni, wewe umekaa unanitafunia samaki mbele ya uso? Na usimwambie mtu. Funga yangu ni baina yangu na Mola wangu, si baina yangu na kampuni ya safari."

Sisi tumelelewa kwamba ibada haitangazwi, na anayetangaza funga yake anatafuta sifa. Isitoshe, siri ya mke ni ya mume. Nikanyamaza, na nakiri kwamba kwa kunyamaza kule nilijiona mume mwema kuliko wengi.

Tulikuwa wageni wanane. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mzaliwa wa bonde lile lile, masharubu yamekatwa vizuri, sweta moja la kijani kila siku. Hakuwa msemaji. Alitembea nyuma ya mtu wa mwisho, mikono nyuma, kama mwalimu wakati wa mtihani. Siku ya kwanza alitukusanya akatueleza kwa Kiingereza kwamba huku juu hewa ni nyembamba na mwili unakauka bila mtu kujua, kwa hiyo kila mmoja anywe chupa tatu za lita moja kwa siku. Kichwa kikiuma aseme. Anayesema atateremshwa, na kuteremshwa si aibu. Mlima, alisema, hauhami.

Kila jioni kwenye hema la kulia chakula alikuja na daftari na kidude cha kubana kidole kinachopima hewa ya damu. Akatuzungukia mmoja mmoja. Kichwa vipi? Umelala? Maji chupa ngapi? Akaandika. Zamu ya mke wangu ikifika, alikaa wima kama mtoto wa chuoni mbele ya maalimu wake, akanyoosha kidole.

"Three," akasema.

Kweli ilikuwa hivi. Kabla ya alfajiri tulikula daku ndani ya hema, tende na biskuti, na maji ya chupa yalikuwa yameganda usiku, basi alikunywa yale machache yaliyoyeyuka aliyoyalalia kifuani. Mchana kutwa hakuna kitu. Magharibi alifuturu kwa tende, akanywa chupa moja, labda na nusu, kisha baridi ikamshinda. Jioni ile ya kwanza aliposema tatu nilikohoa, naye akanikanyaga mguu kwa kile kiatu chake kipya chini ya meza. Nikacheka. Kiongozi alinitazama, akatabasamu kidogo kwa adabu bila kujua tunachokicheka, akaandika tatu.

Na kulikuwa kuzuri, sitasema uongo. Siku ya kwanza na ya pili tulipita misitu ya mialoni, theluji imekaa juu ya matawi kama unga uliomwagika, nyumbu wa mizigo wametangulia na kengele zao. Siku ya tatu miti ikaisha. Yakabaki majabali, theluji, na vilele vyeupe mbali ambavyo hata mimi niliviheshimu. Mke wangu alitembea mbele yangu akihesabu hatua zake kwa tasbihi. Nilikuwa nyuma yake napumua kama pancha, na nikaona fahari, mwanamke wa Tanga, mpishi wa hospitali, anawapita watu wenye fimbo za bei mbaya.

Jioni ya siku ya tatu aliniambia kichwa kinamgonga.

"Kesho kula," nikamwambia. "Umeshalipa tatu."

"Zimebaki nne. Hiki ni kichwa cha njaa tu."

"Basi mwambie kiongozi."

"Aniteremshe? Ziwa liko kesho, wewe." Akanishika ndevu. "Nivumilie siku moja."

Nikamvumilia. Chakulani akaulizwa kichwa vipi, akasema kizuri. Akaulizwa maji, akasema tatu.

Siku ya nne, kama saa sita mchana, tukafika ziwani. Lilikuwa dogo kuliko kwenye video, sahani nyeupe iliyozungukwa na mawe, na ukiinama uliona chini ya theluji barafu ya rangi ya chupa ya soda. Wenzetu walipiga picha. Mke wangu hakupiga. Alikaa juu ya jiwe, glavu moja imevuliwa, mkono juu ya barafu, macho nusu. Nikamuuliza ameridhika? Akasema ndiyo, lakini mwanga ni mwingi.

Kiongozi akaja akasimama mbele yake. Alimtazama kidogo, kisha akanigeukia mimi.

"Sir, madam is okay?"

Hapo ndipo ninaporudi kila siku, nikiwa naendesha, nikiwa naoga, nikiwa kwenye rakaa. Hakumuuliza yeye, aliniuliza mimi. Na mimi nilijua. Nilijua hajanywa tone tangu alfajiri, nilijua kichwa kinamuuma tangu jana. Mke wangu aliinua macho akanitazama, jicho lile la kunikanya ninalolijua kwa miaka ishirini na sita.

"Yeah, she's okay," nikasema. "Just tired."

Katika kuteremka alianza kukanyaga hewa. Nikadhani anateleza. Kisha akaniuliza kama nimefunga gesi ya jikoni, kana kwamba tuko nyumbani Bankstown. Nikamwita kiongozi kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alikuja mbio, akamtazama macho, akamwekea hewa ya mtungi, akamchoma sindano, akawatuma watu wawili watangulie kutafuta gari. Kisha akambeba mgongoni mwenyewe. Hakumpa mtu mwingine ila mara mbili tu, apumue. Nilikuwa nakimbia pembeni na chupa mkononi nikimwambia kwa Kiswahili, fungua, mama, fungua, Mungu ameshakubali. Nikamsogezea maji mdomoni. Aliufumba. Mpaka leo sijui kama alishindwa kuufungua au alikataa kwa sababu jua lilikuwa bado halijatua.

Alikufa njiani, kabla ya barabara ya magari, alasiri, juu ya mgongo wa mtu yule.

Zikaja siku mbili za karatasi na polisi. Kiongozi hakuondoka. Wenzetu walirudi Delhi na kampuni ikamwita, yeye akabaki. Alinitafutia msikiti wa mji ule, akasema na watu wake, wakaja kina mama nisiowajua wakamwosha mke wangu. Yeye hakuwa Mwislamu. Makaburini alikaa kando ya ukuta, sweta lake la kijani, na mchanga ulipoanza kurudishwa alisogea akaomba koleo. Wakampa. Alipomaliza alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema samahani. Mimi nikasema hapana, hapana. Nilikuwa na nafasi ya kusema na lingine, pale pale. Sikusema.

Sydney nilirudi na masanduku mawili. Binti yetu, mtoto pekee, alinipokea uwanja wa ndege, na hakunikumbatia mpaka tulipofika garini. Yeye anafanya kazi katika ofisi ya mawakili. Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, isipokuwa akiwa na hasira, hapo huchanganya.

"Ukamzika huko, Dad. Hata sikumwona."

"Sunna ni kuzikwa ulipofia, mwanangu."

"I know the sunna. Mimi ni mtoto wake."

Hitma ikasomwa, watu wa Mombasa, wa Unguja na wa kwetu wakajaa sebuleni, na wale Wakongo wa kazini kwa mke wangu wakaleta vyakula mpaka tukakosa pa kuviweka. Wote walisema yale yale: alikuwa mtu wa ibada. Kila walipolisema nilitazama zulia. Binti alisubiri arubaini iishe, ndipo akaiandikia kampuni. Barua yake ilikuwa kali na nzuri. Alikuwa na ripoti ya daktari wa kule: mwinuko ndio uliovimbisha ubongo, lakini pia mwili ulikutwa umekauka vibaya, kama mtu ambaye hajanywa maji ya kutosha kwa siku kadhaa.

Kampuni ikafungua uchunguzi. Wakatoa daftari la kiongozi. Tatu, tatu, tatu. Wakalilinganisha na ripoti, wakasema mtu huyu alikuwa anajiandikia tu, hawaulizi wageni. Wakamnyang'anya cheti cha kuongoza wakati uchunguzi unaendelea. Kisha wakaniandikia mimi, shahidi wa pekee aliyekuwa naye hema moja. Swali lao lilikuwa fupi: je, kiongozi alimuuliza marehemu kuhusu maji, na je, marehemu alijibu nini?

"Just tell them," binti akasema. "Waambie hakuuliza chochote. Duty of care, jukumu la kumwangalia, lilikuwa lake. Halafu imekwisha."

Nikamwambia nitajibu. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita. Barua ya pili ikaja, na ya tatu. Nilijiambia kwamba maiti anasitiriwa. Kwamba nikisema alidanganya, kesho Bankstown nzima itajua, na wale waliosema mtu wa ibada watasema amejiua kwa ukaidi. Hoja hizo zilikuwa nzuri na nilizishikilia kwa mikono miwili. Lakini ukweli ni kwamba niliyekuwa namsitiri ni mimi. Yeye alisema tatu, na mimi nilikaa pembeni yake, jioni tatu, nikisikiliza. Na ziwani hakusema yeye, nilisema mimi. Nilikuwa mwoga, na mwanamume mwenzangu alikuwa anakaa nyumbani kwake bila kazi kwa sababu ya woga wangu.

Mwezi wa Juni nikaamua kumfungia siku zake zilizobaki, pamoja na ile iliyokatika. Siku ya pili nilikuwa kwenye foleni ya malori bandarini, mvua inanyesha, dereva mmoja Mlebanoni ninayemfahamu akanigongea dirisha na kikombe cha kahawa. Nikamwambia nimeshakunywa, tena viwili. Hakuniuliza zaidi. Akakinywa mwenyewe akaondoka, nami nikabaki nimeshika usukani nikishangaa jinsi ulivyotoka laini uongo ule, na jinsi nilivyojisikia mtu mwema nilipousema. Foleni ikasogea, wa nyuma akanipigia honi.

Jioni hiyo nilimwita binti nyumbani, nikamweleza yote. Sikupunguza.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake, koti bado mwilini.

"You knew," akasema.

"Nilijua."

"Kila siku ulimsikia."

"Kila siku."

"Na nimeandika barua zote zile, Dad. About that man." Akasimama. "Na wewe ulikuwa unaniangalia tu naandika."

Hakupiga kelele, ningependa apige. Alitoka, akafunga mlango taratibu kama watu wanavyofunga mlango wa wodi. Siku hizi huja kila baada ya wiki mbili, analeta chakula, anaosha vyombo ambavyo nimeshaviosha. Mwaka huu amesema atakwenda kaburini, nikamwambia tufuatane, akasema anapenda aende peke yake.

Niliiandikia kampuni usiku huo huo. Kiongozi aliuliza kila jioni. Mke wangu alijibu tatu, na haikuwa kweli, na mimi nilijua. Ziwani kiongozi aliniuliza mimi, nikamdanganya. Wakanijibu kwa mistari miwili: maelezo yamepokelewa, cheti kitarudishwa, ila mhusika ameshaacha kazi.

Namba yake nilikuwa nayo tangu kule bondeni. Nikamtumia maneno yale yale, na chini yake nikaomba radhi. Alikaa siku mbili bila kujibu. Sasa ni mlinzi wa geti kwenye jengo la maghorofa Delhi, anawafungulia watu magari yao. Aliniandikia kwa Kiingereza chake cha polepole, nami nakieleza kwa Kiswahili:

"Asante kwa kusema. Sitarudi mlimani. Nitakueleza jambo, maana nawe umenieleza. Siku ya kwanza tulipofika kambini nilimpa mkeo chai ya tangawizi kwa mkono wangu. Nikamwona anaimwaga kwenye theluji nyuma ya hema. Kwetu kuna watu ambao hawanywi kitu kilichotoka mikononi mwa watu wa ukoo wangu, kwani wanatuhesabu najisi. Nikadhani ameshaambiwa mimi ni nani. Niliona aibu. Tangu hapo nilimuuliza maswali yangu nikiangalia daftari, sikumwangalia usoni. Kazi yangu ilikuwa kuangalia nyuso."

Nilikuwa garini nilipousoma ujumbe huo, nje ya ghala, injini imezimwa. Nililia kama ambavyo sikulia makaburini. Maana chai ile ilimtesa kwa hamu. Alisema harufu yake inamtoa machozi. Kila jioni, akishameza tende zake, alinituma: nenda hema la jikoni kaniulizie kama ile chai ya yule baba imebaki. Nami nilikuwa nimeshavua viatu, miguu imeanza kupata moto. Nilichungulia nje, nikarudisha kichwa ndani, nikamwambia imekwisha. Jioni zote tatu.

Nikamwandikia kiongozi kwamba alikosea, kwamba mke wangu alimwaga kwa ajili ya funga tu, kwamba aliipenda mno chai yake na kila jioni aliiulizia.

Jibu lilikuja mara hiyo hiyo.

"Mbona hakuja mtu jikoni kuiomba? Birika lilikuwa motoni mpaka saa mbili."

Alama mbili za buluu kwenye simu zimeshamwonyesha kwamba nimeusoma ujumbe wake. Huu ni mwezi wa pili sasa, na sijamjibu.